Namanga: Mji Ambako Hata Gunia Huulizwa Kwao

Je, msomaji, kitunguu ulichokatakata jana jioni jikoni mwako kilitoka wapi? Ukimuuliza mama mboga wa mtaani kwenu, atakwambia alikinunua Marikiti au Gikomba, na habari yake itaishia hapo. Lakini yamkini kitunguu hicho kimesafiri mbali kuliko wewe mwenyewe. Huenda kililimwa Mang'ola, kule kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, kikapakiwa katika lori, kikapita Arusha na Longido, kisha kikafika mahali ambapo lori lilisimama, makaratasi yakatolewa, na maafisa wa serikali mbili wakataka kujua kwao ni wapi, mwenyewe ni nani na kina ugonjwa gani.

Mahali hapo panaitwa Namanga. Wengi wetu tumepapita usiku tukiwa ndani ya basi la kwenda Arusha, macho yamejaa usingizi, tukapigiwa mhuri na kuendelea na safari. Jumapili hii nakualika tushuke, tuzurure kidogo. Ukitaka kujua jinsi nchi mbili zinavyofanya biashara huku kila mmoja akimtupia mwenzake jicho la pembeni, hakuna darasa bora kuliko Namanga.

Safari yenyewe si ya kuchosha. Kutoka Nairobi ni kilomita 160 hivi. Utapita Mlolongo, ufike Athi River, ukate kulia. Kitengela, ambako miaka ya tisini ulikuwa ukiona pundamilia wakilisha karibu na barabara, sasa ni maghorofa, maduka ya saruji na matangazo ya ploti zinazouzwa. Baada ya Isinya ndipo macho yanapopata nafasi: nyika, migunga, kijana mmoja na mbuzi wake mia. Kajiado utaipita upesi. Ukifika Bisil, mwombe dereva asimame, hasa ikiwa ni siku ya mnada wa mifugo. Ng'ombe wanaouzwa pale hawajui paspoti. Wengine wamezaliwa upande huu, wengine upande wa pili, na wote wataishia kwenye bucha za Nairobi kwa jina moja tu, nyama. Siku ya mnada utaona mzee akitia mkono ndani ya kinywa cha fahali kuhesabu meno, na mnunuzi kutoka jijini akijifanya hataki kununua.

Kutoka Bisil jua huzidi kuwa kali na barabara hunyooka mithili ya kamba. Halafu mlima unajitokeza mbele yako, mweusi, umekaa kama mtu aliyekataa kuhama. Huo ni Ol Doinyo Orok, maana yake kwa Kimaasai ni Mlima Mweusi. Chini yake ndipo mji ulipo.

Usitarajie uzuri. Namanga ni barabara moja kuu yenye malori pande zote mbili, vibanda vya chai, maduka ya simu, nyumba za kulala wageni zenye rangi za kuumiza macho, na wabadilishaji fedha wenye mabunda ya noti mikononi. Kabla hujakanyaga chini, akina mama wa Kimaasai watakuwa wameshakuzunguka na shanga, bangili na vibuyu. Ukionekana mtalii, bei itapanda. Ukiwasalimu kwa Kimaasai, hata kwa kubabaisha, itashuka kidogo. Watalii wengi hufika hapa kwa sababu barabara moja huchepuka kwenda mbuga ya Amboseli. Wenyeji, kwa upande wao, huishi kwa mpaka. Mpaka ndio shamba lao.

Na mpaka huo ni kitu cha ajabu. Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani waliketi huko Ulaya wakachora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Mstari huo unakwenda sawasawa kama uliopigwa kwa rula, isipokuwa pale unapoupinda mlima Kilimanjaro na kuuacha upande wa Wajerumani. (Shuleni tuliambiwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini ni hadithi tu. Mstari ulipatanwa mezani kama mpaka mwingine wowote.) Wamaasai hawakuulizwa. Waliamka wakakuta shangazi yuko nchi moja na mpwa yuko nyingine, na malisho ya kiangazi yako kwa Mjerumani.

Kwa muda mrefu mstari huo haukuuma sana, kwani baadaye nchi zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza na kisha zikawa ndugu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukaja mwaka 1977. Jumuiya ilivunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka. Ukafungwa hasa, si kwa maneno. Ulifunguliwa tena mwezi wa Novemba 1983, baada ya nchi hizo pamoja na Uganda kukubaliana jinsi ya kugawana mali ya ile Jumuiya iliyokufa. Hebu fikiria mji wa mpakani usio na mpaka wa kuvuka kwa muda wa miaka sita na ushei. Ukitaka kuelewa kwa nini wazee wa Namanga hushtuka kila wanaposikia waziri fulani ametoa tangazo, anza hapo.

Jumuiya ilifufuliwa. Mkataba mpya ulitiwa saini mwaka 1999, umoja wa forodha ukaanza Januari 1, 2005, na soko la pamoja likaanza Julai 1, 2010. Kwa maneno mepesi, gunia la mahindi lililolimwa Tanzania halipaswi kulipa ushuru wa forodha likiingia Kenya, na katoni ya sabuni iliyotengenezwa Nairobi haipaswi kuulipa ikienda Arusha. Basi utauliza, kama ushuru umeondolewa, malori haya yote yanangoja nini?

Twende ofisini tuone. Zamani ulikuwa ukipanga foleni Kenya, ukigongewa mhuri, unatembea kwa miguu katika vumbi, kisha unapanga foleni nyingine Tanzania. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi Desemba 1, 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli. Mpango wake ni wa busara. Ukitoka Kenya huna haja ya kusimama upande wa Kenya. Unavuka moja kwa moja hadi jengo la Tanzania, na humo ndani unawakuta maafisa wa nchi zote mbili. Mmoja anakuaga, mwenzake wa dirisha la jirani anakukaribisha. Anayetoka Tanzania vilevile anahudumiwa katika jengo la Kenya. Kwa msafiri mwenye begi moja, paspoti au hati ya muda ya kusafiria, shughuli ni ya dakika chache.

Kwa mwenye lori mambo ni mengine. Kwanza kuna wakala wa kutoa mizigo, ambaye amekwisha kutuma makaratasi kwa kompyuta hata kabla lori halijafika. Halafu kuna watu wa ushuru: upande wetu ni KRA, upande wao ni TRA. Hao wanataka kujua thamani ya mzigo na asili yake, kwa maana msamaha wa ushuru ni wa bidhaa za ndani ya Jumuiya pekee. Mchele uliotoka Asia ukapitia bandarini hauwezi kujiita mchele wa Mbeya. Kisha kuna watu wa viwango, ambao ni KEBS kwetu na TBS kwao. Wapo wa afya ya mimea, KEPHIS, wanaotafuta mdudu na ugonjwa. Wapo wa afya ya binadamu, wapo wa mifugo, wapo wa usalama. Kila mmoja ana sheria iliyomweka pale, na kila mmoja anaweza kusema, "Simamisha."

Msomaji usidhani nawadharau. Nchi isiyochungulia kinachoingia nyumbani mwake itakula chochote. Ili uone uzito wa jambo hili, tusimame kwenye lori moja la mahindi.

Afisa hupanda juu na kitu kinachoitwa bambo, yaani kijibomba cha chuma chenye ncha kali. Anakichoma katika gunia na punje zinateremka kiganjani. Anachoma hili, anaruka lile, anachoma la chini, kwa sababu ubaya haukai mahali pamoja. Gunia moja huweza kuwa safi na jirani yake likawa na sumu. Punje hupimwa unyevu, ambao haufai kuzidi asilimia 13.5. Halafu kuna kipimo cha sumukuvu, ile wataalamu wanayoiita aflatoksini. Hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Kiwango kinachokubalika Kenya ni sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Katika gunia zima la kilo 90, hiyo ni chini ya miligramu moja. Huwezi kuiona wala kuionja. Kuchemsha hakuiondoi, na kusonga ugali kwa moto mkali hakuiondoi. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache kwa kuharibu ini. Ikiwa kidogo, lakini kila siku, huleta saratani ya ini miaka mingi baadaye.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika eneo la mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Nakuomba uzingatie jambo moja. Mahindi yale hayakuvuka Namanga. Mengi yalikuwa yamelimwa papo hapo, yakavunwa yakiwa na unyevu na kuwekwa ndani ya nyumba. Isitoshe, mnamo Novemba 2019 KEBS ilipopiga marufuku aina tano za unga kwa sababu ya sumukuvu, ulikuwa unga uliosagwa na kufungwa humu humu nchini, wenye picha nzuri kwenye pakiti.

Sasa turudi kwenye lori letu. Ijumaa ya Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula nchini Kenya iliiandikia idara ya forodha barua. Ilieleza kwamba uchunguzi ulikuwa umegundua sumu kupita kiasi katika mahindi ya Uganda na Tanzania, na kwa hivyo yasiingizwe tena. Barua moja, na mipaka ikafungwa kwa mahindi. Mahindi mengi ya Tanzania hutoka nyanda za kusini: Rukwa, Mbeya, Iringa, Ruvuma. Dereva aliyetoka Songea siku moja kabla ya barua hiyo alikuwa bado njiani, na mbele yake kulikuwa na zaidi ya kilomita elfu moja za lami. Alipoondoka alikuwa amebeba chakula. Alipofika Namanga alikuwa amebeba hatia.

Malori yakasimama. Machi ni mwezi wa mvua kuanza. Jua linawaka asubuhi, wingu linamwaga jioni, na mahindi yamo chini ya turubai yakitoka jasho. Yeyote aliyewahi kuhifadhi nafaka anajua matokeo yake: gunia ambalo halikukauka barabara, likifungiwa katika joto na unyevu, ndipo kuvu hufurahi. Kumbe ukaguzi wa namna hiyo huweza kuyatia mahindi ugonjwa uleule unaoutafuta.

Siku tano baadaye, Machi 10, wizara ya kilimo ililegeza kamba na kutoa masharti. Mwagizaji asajiliwe. Aeleze maghala yake yako wapi. Kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi kile kiwango cha 10, pamoja na cheti cha nchi ilikotoka. Ukiyatazama kwa utulivu, masharti hayo si mabaya hata kidogo. Swali ni hili: mbona hayakutangazwa miezi mitatu mapema, maabara zikatajwa, wafanyabiashara wakapewa tarehe? Mfanyabiashara hachukii kupimwa. Anachokichukia ni kuondoka nyumbani na sheria moja na kukuta nyingine barabarani.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, akahutubia Bunge letu, na yeye na mwenyeji wake wakaagiza mawaziri wakae pamoja waondoe vikwazo mpakani. Mahindi yalipata njia. Yaani msomaji, ilibidi marais wawili wakutane ili punje zipite.

Na si mahindi pekee. Ukikaa kwenye kibanda cha chai pale Namanga, karibu na madereva na utingo wao, utasikia orodha ndefu kuliko ya mahari. Mwaka 2017 Kenya ilizuia gesi ya kupikia na unga wa ngano kutoka Tanzania. Tanzania nayo ilikuwa imezuia maziwa na sigara za Kenya. Mwezi wa Julai mawaziri wa mambo ya nje, Amina Mohamed na Augustine Mahiga, wakatangaza kwamba vizuizi hivyo vimeondolewa. Miezi michache haikuisha. Tanzania iliwakamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Baadaye vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikateketezwa kwa moto, serikali ikisema ni kukinga homa ya ndege.

Mimi ni mtu wa kuogopa magonjwa ya kuku, na daktari wa mifugo atakwambia kifaranga asiye na cheti ni hatari. Lakini ule moto uliwaumiza watu kwa namna ambayo marufuku ya gesi haikuwaumiza. Kifaranga wa siku moja ni kifaranga. Mpaka leo, ukimtajia mfugaji wa kuku wa Kajiado jina la Namanga, hatakusimulia habari za kituo cha kisasa; atakusimulia vifaranga.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya peremende. Tanzania ilizitoza peremende na bidhaa nyingine tamu za Kenya ushuru wa asilimia 25. Hoja yake ilikuwa kwamba sukari iliyotumiwa ilikuwa imeagizwa kutoka nje ya Jumuiya bila kulipiwa ushuru, na kwa hivyo peremende hizo hazikuwa za Afrika Mashariki kamili. Jambo hilo lilizungumzwa kwa vikao na vikao. Ukimpa mwanao peremende akiwa garini, mwambie kwamba kuna waheshimiwa waliowahi kubishana juu ya uraia wake. Halafu mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Mei Kenya ilifunga mpaka huu isipokuwa kwa mizigo, madereva wakawa wanapimwa, majibu ya upande mmoja hayakuaminiwa upande wa pili, na foleni za malori zikanyooka hadi mbali.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Pale Namanga nyasi hizo zina sura. Kwa kawaida ni mama mwenye magunia mawili.

Utamwona ukitulia. Hana lori wala wakala. Ana vitunguu, au nyanya, au mchele, na mtaji alioukopa katika chama cha akina mama. Mwenye lori akizuiliwa siku tatu hukasirika, hupiga simu, hupunguza faida. Mama huyu akizuiliwa siku tatu nyanya huoza na mtaji hufa, na Ijumaa chama kinamngoja. Sheria za Jumuiya zimemfikiria, tena vizuri. Mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya, hupewa hati rahisi ya asili papo hapo mpakani, akavuka bila ushuru wa forodha na bila wakala. Hati yenyewe ni karatasi moja.

Tatizo ni kwamba karatasi moja hiyo haimwondolei wale wengine: wa viwango, wa mimea, wa afya. Kila mmoja huweza kuwa na ada yake na cheti chake. Ada ambayo kwa lori la tani 28 ni hela ya chai, kwa magunia mawili ni faida yote. Ndipo anapotokea kijana wa bodaboda na kumnong'oneza kwamba kuna njia nyingine. (Neno bodaboda lenyewe ni mtoto wa mpaka. Lilianzia Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu upande hadi upande.)

Njia hizo huitwa njia za panya, na nyika iliyozunguka Namanga imejaa hizo. Mpaka wenyewe kwa sehemu kubwa ni vichaka na mawe ya alama. Wamaasai wanazijua njia hizo tangu zilipokuwa njia tu, kabla ya mtu kuzibandika jina la panya. Kinachopita huko si nyanya za mama pekee. Hupita sukari ya magendo, hupita dawa zisizojulikana zilikotengenezwa, na hupita mahindi ambayo hayajaona bambo.

Hapo ndipo mimi huona serikali zetu hujikwaa. Kila sharti jipya linapotangazwa kwa ghafla, au ada inapoongezwa, lori lenye makaratasi husimama na pikipiki isiyo na makaratasi hupata abiria. Mahindi hayaachi kuvuka. Kenya karibu kila mwaka huhitaji mahindi kuliko inayovuna, na tumbo halisomi barua ya wizara. Kinachobadilika ni mlango tu. Yale ambayo yangepita mbele ya afisa mwenye kipimo hupita usiku nyuma ya mlima, yakafika kwenye kinu cha mtaani, yakasagwa, na hakuna mtu hata mmoja kati ya shamba na sufuria yako aliyeyapima. Wewe unayekaa Umoja au Kayole utasoma gazetini kwamba mpaka umebanwa ili kulinda afya yako, na jioni ile ile utanunua unga wa kupimiwa ambao haukubanwa na yeyote.

Ningekuwa na sauti, ningeomba jambo dogo. Kipimo kiwe mlangoni, kiwe cha bei nafuu kwa mwenye gunia mbili, na cheti cha maabara ya Tanzania kiaminiwe Kenya kama cha Kenya kinavyopaswa kuaminiwa kule, maadamu viwango vya mahindi ni vya Jumuiya nzima. Mtu akiona kwamba kupita mbele ya afisa kunamchukua nusu saa na kupita porini kunamchukua usiku mzima na hofu, atachagua afisa. Wafanyabiashara ni watu wa hesabu.

Basi ukifika huko, fanya hivi. Usikimbilie kuvuka. Keti saa moja karibu na uwanja wa malori, uagize chai na chapati, uhesabu. Zinazokwenda kusini utaona sabuni, mafuta ya kupikia, vyombo vya plastiki, dawa na vifaa vya chuma. Zinazokuja kaskazini utaona mahindi, mchele, vitunguu, maharagwe. Nenda na watoto kama ni likizo. Watajifunza jiografia ambayo haimo kitabuni. Ukitaka kuvuka hadi Arusha, ni kilomita 110 hivi, usisahau paspoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na kama unabadilisha fedha, badilisha benki au dukani. Vijana wenye mabunda ya noti huhesabu kwa kasi ambayo macho ya mgeni hayawezi kuifuata.

Urudi mapema kidogo, kabla jua halijashuka nyuma ya Ol Doinyo Orok. Matatu itajaa na buti litafungwa kwa kamba. Huenda kando yako akaketi mama mwenye kigunia cha mchele miguuni. Mkikaribia kizuizi cha polisi dereva atapunguza mwendo, afisa atamulika ndani na kuuliza mchele ni wa nani. Usishangae mama asipojibu upesi. Atakuwa anafungua fundo la leso yake, na ndani ya fundo hilo, imekunjwa mara nne kama noti ya elfu, mna karatasi.